Mwalimu Mkuu na Mazabodi Yake

Nina kibanda cha kutengeneza kompyuta Karatu mjini, nyuma ya maduka ya vipuri vya magari ya watalii, na kwa miaka yote niliyokaa pale hakuna mteja aliyenichosha kama Mwalimu Mkuu. Nasema hivyo bila kumung'unya maneno. Wapo waliodai nimewabadilishia vifaa, na wapo waliochukua mashine zao wakasahau kabisa kwamba fundi naye anakula. Hao unawazoea. Huyu alinichosha kwa sababu alikuwa na jibu la kila kitu, na majibu yake mengi yalikuwa na mantiki, ndiyo maana yaliniuma.

Jina lake nalijua ila sijawahi kulitumia. Kule Kansay anakofundisha, wakuu wa shule wapo kadhaa, lakini ukisema Mwalimu Mkuu bila kuongeza kitu, kila mtu anajua unamsema huyu.

Alikuwa anakuja na gari la kwanza. Ninapofika kufungua namkuta kasimama mlangoni, koti la kijivu limefungwa vifungo vyote, mfuko wa kifuani umejaa vipande vya chaki, anatazama saa kama vile mimi ndiye mwanafunzi niliyechelewa. Namkaribisha kiti. "Nimekaa njiani kote, binti yangu, niache nisimame." Basi anasimama, tena nyuma ya bega langu, mpaka kivuli chake kinaangukia hasa pale ninapotaka kuona.

"Mwalimu, unaniziba mwanga."

"Samahani." Anasogea kidogo. Nikiinamisha kichwa tu, amerudi.

Akichoka kunitazama anasoma kuta. Siku moja nilitoka kununua chai, kurudi nikakuta tangazo langu la huduma limesahihishwa kwa kalamu nyekundu kutoka juu mpaka chini, na pembeni ameandika "jitahidi". Dereva mmoja wa watalii alikuwa amekaa kwenye benchi akicheka mpaka machozi yanamtoka. Mwalimu Mkuu akamgeukia, akamuuliza alisoma shule gani, na kijana wa watu akajikuta anasimama kujibu. Wateja wangu walikuwa wanachungulia kwanza, wakiona lile koti wanasema watapita baadaye.

Neno lake kubwa lilikuwa "tutaona". Nikimwambia mashine hii inahitaji kupumzishwa, tutaona. Nikimwambia isipigwe jua, tutaona. Sikuwahi kuelewa kama alikuwa anakubali au anakataa.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya mezani, kuukuu, ya zile zenye monita lenye mgongo mrefu. Shule ilipewa na hoteli moja ya watalii kule juu kwenye ukingo wa kreta walipoagiza mpya. Shule nyingine zilizopata bahati kama hiyo ziliweka zao ofisini kwa mkuu, zikafunikwa kitambaa cha kufuma, zikawa pambo. Yeye ya kwake aliiweka darasa la sita, karibu na dirisha, na sharti lake lilikuwa moja: kila mtoto aguse. Aliniambia kwamba kabla ya hapo alikuwa amewachoresha watoto kompyuta ubaoni kwa chaki, mausi yake na kibodi yake, mpaka akaona aibu.

Ni mtu aliyeweza kumrudisha mtoto nyumbani kwa kukosa kifungo cha shati. Kwenye mstari wa asubuhi ulisikia nzi wanavyoruka. Lakini ikija kwenye ile kompyuta, watoto walifanya walivyotaka. Waliibonyeza kwa mikono iliyotoka kupalilia bustani ya shule. Kila ilipoletwa kwangu niligeuza kibodi nikakung'uta, na meza yangu ikajaa unga wa mahindi, maganda ya maharage, mchanga, na mara moja jino la mtoto. Nikampigia kelele.

"Mwalimu, hii si jembe! Waambie wanawe mikono."

"Wakinawa muda unaisha," akasema. "Mikono michafu unaifuta wewe. Kichwa ambacho hakijagusa, nani atakifuta?"

Nikaendelea kukung'uta kwa hasira. Kilichonikera zaidi ni kwamba yeye mwenyewe hakuwa anaigusa. Nikimaliza kazi namwambia, haya Mwalimu, ijaribu. Anaweka mikono nyuma. "Wewe ndiye fundi. Nikijaribu mimi utasema nimeiharibu." Nilidhani ni maringo ya wakubwa, wale wanaotaka kufunguliwa hata mlango wa gari.

Sasa, habari ya mazabodi.

Mwaka wake wa mwisho kazini, baada ya likizo ndefu, alikuja na sipiyu, lile boksi lenyewe la kompyuta, ndani ya mfuko wa mbolea. Nikaifungua skrubu mbili tatu, nikainua mfuniko, na harufu iliyonipiga ilikuwa ya jikoni kabisa, ya moshi wa kuni. Ndani kote kulikuwa kweusi. Feni nyeusi, nyaya nyeusi, masizi yameshika kama chini ya sufuria.

"Mwalimu, poleni. Nyumba iliungua?"

"Nyumba iungue kwa nini? Ilikuwa darini."

"Dari gani?"

"Dari la jikoni. Pale tunapoweka mbegu."

Nikaweka bisibisi chini. Akanieleza polepole, kwa sauti ya mtu anayemfundisha asiyetaka kuelewa. Likizo iliyopita aliiacha darasani, sisimizi wakaingia wakajenga ndani, na mimi mwenyewe ndiye niliyewatoa nikimlaumu. Safari hii aliibeba nyumbani. Na nyumbani kwake, kama nyumba nyingi za kule kwetu, kitu usichotaka kiguswe na mdudu unakipandisha juu ya moto. Mahindi ya mbegu yanakaa pale mpaka msimu wa kupanda na hayapati hata tundu moja. "Na kweli," akamalizia, "tafuta sisimizi humo. Hupati."

Hapakuwa na sisimizi. Nampa haki yake.

Nilisugua masizi kwa brashi na spiriti siku nzima. Lakini shuleni walikuwa wameshaiwasha vilevile ilivyo, na masizi yenye unyevu yanapitisha umeme pasipotakiwa. Karibu na prosesa palikuwa na alama ya kuungua, na vile vikopo vidogo vya kutunza umeme vilikuwa vimevimba vichwa, viwili vimepasuka. Mazabodi ndio ule ubao mkubwa wa kijani unaobeba kila kitu kingine, na ukifa, hayo mengine hata yawe mazima hayana pa kukaa. Nikamwambia imekufa.

"Imekufa au imezimia?"

"Imekufa, Mwalimu."

Halafu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akakaa kwenye kile kiti.

Alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi. Siku ya makabidhiano angekuja afisa kutoka wilayani, kila kitu chenye namba ya shule kikaguliwe mbele ya mkuu mpya. Namba ya kompyuta ilikuwa imepakwa rangi nyeupe ubavuni mwa sipiyu. Isipowaka itaandikwa chakavu, itapakiwa kwenye gari, itaenda kulala stoo na viti vilivyovunjika, na shule haitapewa nyingine. "Wataanza tena kuchora ubaoni," akasema. "Kazi yangu yote itafutwa na dasta."

Nilimwonea huruma, na nikazidi kukasirika. Ningependa kumwonea huruma mtu ambaye hakupandisha kompyuta darini.

Nilipiga simu Arusha kwa mafundi wote ninaowajua. Mazabodi walizokuwa nazo ni za juzijuzi, prosesa ya zamani haiingii, na ukibadilisha prosesa unabadilisha na ram, mwisho unanunua mashine nzima. Siku zikawa zinakwenda. Ndipo Mwalimu Mkuu akakumbuka, kwa utulivu kabisa, kwamba hoteli ile ilitoa kompyuta mbili zinazofanana. Ya pili alipewa mlinzi wao, mfugaji mzee wa Endulen, rafiki yake wa siku nyingi.

"Mwalimu! Ungesema wiki iliyopita."

"Hukuuliza."

Tukaenda Endulen. Ukungu kule juu ulikuwa mzito, gari linatambaa, nyati wamesimama barabarani kama wenye barabara. Mimi nilibeba bisibisi, brashi na mfuko mdogo, kwa sababu nilichokifuata ni ubao mwepesi wa kubebwa kwapani. Nilipiga hesabu kwamba nikifika nitafungua, nitachomoa, nitashukuru, na tutawahi gari la kurudi.

Rafiki yake alitupokea nje ya boma. Yeye na Mwalimu Mkuu hawaitani majina. Zamani walipeana kondoo, na kwa Wamasai, waliopeana kondoo wanaitana Paker mpaka kufa. Basi ikawa Paker huku na Paker kule. Tukaulizwa habari za njia, za mvua, za ng'ombe, za kila mtu aliye hai. Chai ya maziwa ikaja. Kompyuta nilishaiona: sipiyu imelala pembeni ya kitanda, juu yake vibuyu vya maziwa vya mama mwenye nyumba vimepangwa vizuri. Umeme hawakuwa nao, hivyo haikuwahi kuwashwa tangu itoke hotelini. Nzima kabisa. Mimi nimekaa natazama saa, na Mwalimu Mkuu, mtu wa kengele na mstari, hana haraka yoyote.

Hatimaye akasema shida yake. Mzee akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Chukua," akasema. "Ni yako."

Nikainuka na bisibisi. "Asante mzee. Mimi nahitaji ubao wa ndani tu, haya mengine nakuachia."

Akanishika mkono. "Mama, unafanya nini?"

"Natoa mazabodi."

"Paker, huyu mtoto wa wapi?" Akanigeukia tena. "Nikikupa mbuzi nakupa na miguu yake. Umewahi kuona mtu anapewa ini la mbuzi anayetembea? Chukua yote, au acha yote."

Nilimtazama Mwalimu Mkuu anisaidie. Akasema, "Amesema kweli." Mama mwenye nyumba akauliza vibuyu vyake vitakaa wapi, hakuna aliyemjibu. Tukarudi na sipiyu, kibodi, nyaya na lile monita lenye mgongo, ambalo nililipakata mapajani kutoka Endulen mpaka Karatu huku miguu imekufa ganzi.

Haya, nikasema, angalau sasa ninayo. Kesho yake nikaiweka mezani, nikashika bisibisi. Mwalimu Mkuu akaweka kiganja chake juu ya mfuniko.

"Hatuwezi kuifungua."

"Kwa nini?"

"Zawadi haichinjwi bila aliyeitoa kujua."

Jamani. Nilitoka nje nikasimama barabarani. Nikarudi nikamwambia basi tupeleke shuleni hiyo ya Endulen kama ilivyo. Akasema afisa atatafuta namba ya shule, na namba ipo kwenye ile nyingine, na yeye hatapaka namba ya serikali kwenye mali ya rafiki yake. Nikamwambia basi mpigie simu. Akasema kule mtandao haupatikani mpaka rafiki yake apande kilima, na huwa anapanda jioni akienda kuangalia ndama. Kwa hiyo tulikaa. Nilikuwa na mashine mbili mezani, nimezungukwa na vifaa vyote, na makabidhiano ni keshokutwa, tunasubiri mtu aende kuangalia ndama. Siku ile nilimchukia kabisa, na nilimwambia. Akasema, "Najua."

Jioni simu ikapokelewa. Akaiweka sauti kubwa ili na mimi nisikie. Wakasalimiana kama watu ambao hawakuonana jana.

"Paker, nataka kuichinja."

"Ichinje, ni yako. Lakini ngozi ni ya mama."

"Ngozi ipi?"

"Hilo bati la nje. Tangu mmeondoka ananisema, vibuyu viko chini."

Mwalimu Mkuu akanitazama. Nikasema bati litarudi kesho na gari la asubuhi, nitalifuta hata vumbi. Akakata simu, akasogea ukutani, akasimama kwa mara ya kwanza mahali asiponiziba mwanga.

Nikafanya kazi. Nilichomoa mazabodi ya Endulen na prosesa yake, nikaifuta pesti ya kupitisha joto iliyokauka nikapaka mpya, nikaifunga kwenye bati lenye namba ya shule. Nikarudisha diski ya watoto, nikaunganisha nyaya ndogo za swichi, zile ambazo ukikosea moja unakesha. Nikawasha. Feni ikazunguka, monita jeusi. Nikabadilisha ile betri ndogo ya mviringo. Bado.

"Ram zina kutu kwenye meno," nikasema. "Natafuta kifutio."

Akaingiza mkono kwenye koti, akatoa kifutio cha penseli, nusu kimekwisha. Nikasugua meno ya ram mpaka yakang'aa, nikarudisha, nikawasha. Ikalia mlio mmoja mfupi, na maandishi yakaanza kupanda kwenye kioo.

"Imeitika," akasema, na akatoka nje. Alikaa huko muda.

Siku ya makabidhiano nilikwenda Kansay kama fundi, kuthibitisha. Afisa alikuwa mtu wa taratibu, si mbaya. Alihesabu madawati, akahesabu majembe, akafika darasa la sita. Watoto wamekaa kimya. Akaangalia namba ubavuni, akaridhika.

"Mwalimu Mkuu, iwashe tuone."

Mikono ikaenda nyuma. "Wanafunzi wataiwasha."

"Hapana, wewe. Anayekabidhi ndiye anayeonyesha."

Nilimwona anatazama ile swichi. Nikasema moyoni, maringo yako leo yatatumaliza, bonyeza tu hicho kitufe. Mkuu mpya, mwanamke mtulivu aliyehamishwa kutoka Oldeani, akatazama chini.

"Sijui kuiwasha," akasema.

Darasa zima lilimsikia. Afisa akadhani ni utani. "Kompyuta imekaa shuleni kwako miaka yote hii, unafundisha, halafu hujui?"

"Sikuwahi kusema ninafundisha. Nilisema watoto wanajifunza. Walianza wenyewe, wakubwa wakawaonyesha wadogo."

Niliona aibu kwa niaba yake. Afisa alikuwa ameshaweka kalamu kwenye karatasi. Akasema kifaa kisicho na mwalimu wa kukitumia ni mzigo kwa shule, bora kikatunzwe wilayani. Kisha, nadhani kwa kutaka tu kumaliza, akauliza: "Kuna mtu humu anayejua?"

Darasa la sita wakasimama wote.

Msichana wa mbele akaiwasha. Afisa akamwambia aandike jina la shule, akaandika. Akamwambia alikoleze, herufi ziwe nene, akalikoleza, na nyuma sauti zikawa zinamkumbusha aliweke katikati. Afisa akabadilisha mtoto, akabadilisha tena, akajaribu na yule aliyejificha kwenye kona. Wote walijua. Akaandika kwamba ni nzima na inatumika. Mwalimu Mkuu akatia sahihi, akatoka, wala hakunishukuru.

Nilikasirika kwa hilo miezi kadhaa. Nilikuwa nimempakatia monita.

Alipokuja tena hakuwa na koti. Alikuja mchana, jambo ambalo si kawaida yake, na kilo kadhaa za maharage ya ngwara kwenye mfuko, akaniwekea mezani. Akasubiri wateja waondoke. Halafu akavuta kiti mwenyewe.

"Nilikuwa nasubiri wamalize wote," akasema. "Muda ni mdogo na watoto ni wengi. Kila mwaka nikasema mwaka huu wakimaliza na mimi nitakaa. Wanakuja wengine."

Nikamuuliza kama anataka nimfundishe.

"Hapana. Wewe huna subira. Nataka kukaa na darasa la sita, siku zao za kompyuta. Mkuu mpya hana neno, ila amesema niandike barua ya maombi." Akatazama mashine yangu. "Na barua ya kuomba kusoma kompyuta siwezi kuandika kwa mkono."

"Nipe nikuandikie sasa hivi, Mwalimu. Dakika mbili."

"Niandikiwe na mtu ili nikasome?"

Nikamwachia kiti changu. Alianza kutafuta herufi kwa kidole kimoja, anainama mpaka pua inakaribia kibodi, akiipata anaibonyeza, kisha anainua macho kuhakikisha imefika. Aliandika "Yah" ikamchukua muda. Akaandika "Kuomba nafasi ya", akaona ameruka herufi, akataka kufuta ile moja, akafuta zote. Nikanyoosha mkono. Akanitazama, nikaurudisha.

Nje kulikuwa na kijana na laptopu yake, ananiuliza kwa ishara kama nipo. Ngwara zilikuwa mezani, kazi za watu zimejaa rafuni, na yeye anaanza upya, Y iko wapi. Nikaenda mlangoni, nikamwambia yule kijana aje kesho, nikarudishia mlango ili asije mtu akamharakisha.